Hodi kwa Bi. Kolastika

Kila asubuhi Bi. Kolastika Mlowe alizinduka akidhani ndiyo mara yake ya kwanza kuzinduka tangu afe.

"Kumbe kweli inafanya kazi," alisema kwenye skrini ya sebuleni, akiitazama mikono yake mbele na nyuma.

"Shikamoo, mama," alisema binti yake Wende. Alikuwa amejikunja kwenye kochi, kajifunika blanketi kwa sababu ya baridi ya Njombe.

"Marahaba, mwanangu. Nimekufa lini?"

"Kitambo kidogo."

"Niliteseka?"

"Hapana, mama. Ulilala tu."

Bi. Kolastika aliitikia kwa kichwa, karidhika. Kisha akauliza lile swali ambalo Wende aliliogopa kila siku. "Na Aidani? Mbona simwoni?"

"Yuko safarini. Amepeleka nguzo za umeme Songea."

"Huyo na malori yake! Akirudi mwambie mama yake anamtaka."

"Nitamwambia."

Aidani, mdogo wake Wende, alikuwa amefariki mwezi wa pili. Mvua ilikuwa imelainisha barabara, na lori la nguzo alilokuwa akiliendesha likaserereka mteremkoni hadi korongoni. Wende ndiye aliyekwenda kumtambua. Ndiye pia aliyekwenda kwenye kituo cha uhifadhi kuchukua nakala ya akili yake, maana Aidani naye alikuwa amejirekodi baada ya kifo cha mama, nusu kwa utani, akisema haifai mama akae huko peke yake.

Sasa wote wawili walikuwa kwenye seva moja, kisanduku cheusi kwenye rafu ya stoo, juu ya gunia la viazi. Kila mmoja alikuwa na mashine pepe yake: kompyuta kamili isiyo na mwili, inayoazima nguvu za seva na kujiona iko peke yake duniani. Wende, ambaye kazi yake ilikuwa ufundi wa mitandao, ndiye aliyezipanga. Alimweka mama nyuma ya ukuta. Mama akitaka misa ya redioni au wimbo, seva ilitoka kwa jina lake yenyewe ikaenda kumchukulia. Lakini mtu wa nje asingeweza kumfikia, kwa kuwa huko nje mama hakuwa na anwani. Wende alifanya hivyo kwa upendo. Mjini walikuwapo matapeli waliowatafuta wahifadhiwa, yaani marehemu waliorekodiwa kama mama, na kujifanya watoto wao. Aidani alipoingia, akajengewa ukuta kama ule.

Mchana Wende alimwita mdogo wake kwenye skrini.

"Leo mama kaniulizia?" Aidani aliuliza.

"Kama kawaida."

"Ukamwambia niko wapi?"

"Songea."

Aidani alicheka kidogo, halafu akaacha. "Dada, nitoe Songea. Nimechoka kuwa Songea. Mimi na mama tunapulizwa na feni moja, tunatumia umeme mmoja, na siwezi hata kumpa shikamoo. Tuunganishe."

"Unajua haiwezekani."

"Nani kasema? Wewe unawaunganishia watu daraja la mtandao kila wiki."

"Daraja si kazi," Wende alisema. "Kazi ni mama."

Bi. Kolastika alikuwa wa aina ya kwanza, zile nakala za mwanzo kabisa ambazo diski zake zilipigwa muhuri zisiandikwe tena. Yaliyompata mchana yalielea juujuu, na alfajiri mashine ilirudi kwenye siku ile ile aliyorekodiwa, akiwa na kilemba cha buluu, hajui lolote. Aidani alikuwa wa aina mpya. Jana yake ilikaa, na leo ikapangwa juu yake. Miezi yote ile alikuwa ameihesabu peke yake.

"Akikuona tu, atajua umekufa," Wende alisema. "Atalia. Kesho atazinduka hajui kitu, atakuona tena, atalia tena. Unataka afiwe upya kila siku?"

"Vunja muhuri."

Watengenezaji walikuwa wameonya tangu mwanzo: nakala ya aina ya kwanza ikiruhusiwa kuandika, haina pa kuandikia. Siku mpya inakaa juu ya siku ya zamani na kuifuta. Mtu anaanza kukumbuka wiki iliyopita huku akisahau maisha yake, na mwishowe mashine inakwama. Wende alikuwa amesoma habari za familia zilizojaribu. Hakuna nakala hata moja iliyomaliza mwaka.

"Unaniambia nimuue mama," alisema.

"Nakuambia umuulize."

"Nimuulize? Akinijibu, kesho hatakumbuka alijibu nini."

"Wewe utakumbuka," Aidani alisema.

*

Jumapili, baada ya misa, mama mdogo Agripina alipita kama ilivyokuwa desturi yake. Alizungumza na dada yake kwenye skrini kwa saa nzima, wakacheka mambo ya shule ya masista, na Agripina mwenyewe akamthibitishia kwamba Aidani yuko Songea. Skrini ilipozimwa, Wende alimweleza anachofikiria: kumwambia mama ukweli.

"Usithubutu," Agripina alisema. "Dada yangu alikufa kwa saratani. Nilimgeuza kitandani kwa mikono hii. Leo kila siku anaamka hana maumivu, anafurahia vidole vyake. Nani mwingine ana raha hiyo hapa duniani?"

"Anadanganywa, mama mdogo."

"Na adanganywe! Ukweli utamsaidia nini? Utamrudisha Aidani?"

Kwa siku kadhaa Wende aliendelea na Songea. Lakini asubuhi moja mama alimtazama kwa makini kuliko kawaida, akasema, "Umekonda, Wende. Uso wako ni wa mtu mwenye msiba." Jibu alilokuwa amezoea kulitoa likamkataa.

"Mama, Aidani hayuko Songea."

Akamwambia. Alimwambia habari za mvua, na lori, na korongo. Bi. Kolastika alisikiliza hadi mwisho bila kupepesa. Kisha akavua kile kilemba cha buluu, akakifunga kiunoni, akashuka kutoka kwenye kiti cha jiko lake la huko ndani ya skrini na kukaa sakafuni. Sauti iliyomtoka, Wende alikuwa ameisikia mara moja tu maishani, siku mwili wa baba ulipoletwa kutoka hospitali.

Alipoweza kusema tena, mama aliuliza, "Nani alimwosha?"

"Baba mdogo na wajomba."

"Nani alikesha na jeneza?"

"Mimi na mama mdogo."

"Watu walikuja?"

"Walijaa, mama. Hadi barabarani. Madereva wenzake walipanga malori kuanzia sokoni."

"Wakampa nani pole?"

"Mimi."

"Wewe ni dada yake," Bi. Kolastika alisema. "Mimi ndiye mama yake. Nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapo hapo. Nilikuwa nakuambia yuko safarini."

Mama alifumba macho. Wende akamweleza mengine yote, kwa maana sasa hapakuwa na cha kuficha: kwamba Aidani naye amehifadhiwa, kwamba yuko nyuma ya ukuta wa pili, kwamba yeye Wende angeweza kujenga daraja dogo la ndani lisilogusa nje, wakutane wao wawili tu. Akamweleza pia kuhusu muhuri, na gharama ya kuuvunja.

"Nitakufa tena?"

"Utasahau kwanza. Halafu ndiyo."

"Nikibaki hivi?"

"Utabaki hivi. Kesho hutajua kwamba tumeongea."

"Sitaki mlango wa chumbani," Bi. Kolastika alisema. "Nataka mlango wa mbele. Nimefiwa, Wende. Mtu akifiwa watu wanakuja, wanapiga hodi, wanakaa naye chini. Utanifungia ndani na msiba wangu kama mwizi? Fungua. Na ufungue leo, maana kesho nitakuwa yule anayefurahia vidole."

"Nitafungua," Wende alisema.

Hakufungua. Alikwenda stoo, akaketi juu ya gunia la viazi, akaitazama taa ya kijani ya seva. Jioni alimpigia simu mama mdogo, akitumaini, ingawa asingekiri, kwamba atakatazwa.

"Kesho atakuwa kasahau," Agripina alisema. "Umepewa nafasi ya kurudisha maneno yako mdomoni. Watu hawapewi."

*

"Kumbe kweli inafanya kazi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekufa lini?"

Kilemba kilikuwa kichwani. Uso ulikuwa mkavu, mchangamfu. Wende alijibu swali moja baada ya jingine hadi wakafika kwa Aidani, na neno Songea lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi. Hadi juzi alikuwa akimficha mama jambo ambalo mama hakulijua. Leo angekuwa anamnyang'anya jambo alilolijua na kulichagua. Aliona kwamba hayo ni mambo mawili, na la pili lisingekwisha; angelifanya kila asubuhi hadi na yeye mwenyewe afe.

Akamwambia tena. Kilemba kikafungwa tena kiunoni. Sauti ile ikatoka tena, na haikuwa imepungua hata kidogo kwa kutoka jana. Maswali yakaja yale yale: nani alimwosha, nani alikesha, wakampa nani pole. Na Wende alipomaliza kueleza kuhusu ukuta na muhuri, mama alisema, "Sitaki mlango wa chumbani. Nataka mlango wa mbele."

"Ndivyo ulivyosema jana," Wende alisema, na ndipo alipoanza kulia yeye.

"Jana nilisema? Basi mbona bado nimefungiwa?"

"Niliogopa."

"Ogopa huku unafanya kazi," Bi. Kolastika alisema.

Seva ilikuwa ikipata mtandao kwa mawimbi, bila waya, na daraja halipiti kwenye mawimbi: ruta inamkubali yule mmoja aliyejitambulisha, na wageni waliojificha nyuma yake inawakataa. Kwa hiyo Wende alianza na ngazi. Alipitisha waya wa mtandao kutoka kwenye ruta ya sebuleni, juu ya dari, hadi stoo, huku mama akilia peke yake kwenye skrini chini yake. Alichomeka waya kwenye seva, akarudi kwenye kochi na kompyuta yake mapajani.

Kujenga daraja kulikuwa kazi ya mistari michache. Aliliumba daraja lenyewe, ambalo ni kama swichi ya mtandao inayounganisha nyaya, ila limetengenezwa kwa maandishi badala ya chuma. Akaifunga kadi ya mtandao ya seva kwenye daraja hilo. Hapo palibaki jambo moja: anwani ya seva inahama kutoka kwenye kadi na kukaa kwenye daraja, maana kadi ikishafungwa haimsemei tena mtu yeyote, inapitisha tu. Ni jambo ambalo Wende aliwafundisha vijana kazini. Lakini macho yalikuwa yamejaa machozi, akasahau kuifuta anwani ya zamani. Alipobonyeza kitufe, kadi na daraja vikaidai anwani moja, seva ikapotea kwenye mtandao, na skrini ya sebuleni ikawa nyeusi katikati ya kilio cha mama.

"Mama!" Wende alipiga kelele, ingawa alijua kwamba mashine haijazimika, ni njia tu iliyokatika, kwamba mama yuko palepale sakafuni, anaendelea kulia, sasa hata hakuna anayemsikia.

Aliing'oa skrini ukutani, akaibeba hadi stoo, akaiegemeza kwenye debe la mahindi na kuichomeka moja kwa moja kwenye seva. Akaufuta mstari mmoja, akaandika mwingine, akausoma kwa sauti kabla ya kubonyeza. Taa ya kadi ikawaka, ikapepesa, ikatulia.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Alichomoa kadi ya mama kwenye mtandao wenye ukuta akaichomeka darajani, kisha ya Aidani. Ruta ikawaona kama inavyomwona mgeni yeyote aliyeingia ndani, ikawagawia anwani. Kwenye orodha ya vilivyomo nyumbani, chini ya simu, jokofu na redio ya jikoni, yakatokea majina mawili: Kolastika. Aidani.

Ukabaki muhuri. Siku ya leo ya mama ilikuwa bado inaelea. Wende aliibadilisha diski kutoka kusoma tu kuwa kusoma na kuandika, akaamuru yaliyoelea yazame. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Siku yenye kifo cha Aidani iliingia ndani ya mama yake na kukaa, na mahali fulani humo ndani, bila kishindo, kitu kingine kilifutika. Hakujua ni nini.

Kisha akasikia, kutoka kwenye spika ndogo ya seva, sauti ya mdogo wake.

"Hodi. Mama? Hodi humu."

Wende hakungoja kusikia jibu. Alitoka nje, akasimama kwenye ukungu uliofunika miche ya parachichi, lakini kilio kilimfuata hadi huko.

*

Mtu wa kwanza ambaye Bi. Kolastika alimpigia kwa anwani yake mwenyewe alikuwa mdogo wake. "Agripina," alisema, "nimefiwa na mwanangu." Agripina alikuwa jikoni kwake. Aliacha sufuria motoni, akaja kwa miguu na aproni yake, akaingia bila kumsalimia Wende na kukaa sakafuni mbele ya skrini. Walilia pamoja hadi jioni.

Baadaye, mlangoni, alimwambia Wende, "Sijakusamehe." Akavaa viatu. "Lakini usithubutu kumfungia tena."

Habari zilienea. Wanakwaya wa parokia walipiga hodi wote kwa pamoja, wakaimba, wakasali rozari. Madereva walipiga hodi mmoja mmoja kutoka vituo vya mafuta, wengine hata hawakumfahamu mama, wakasema, "Pole, mama Aidani, alikuwa mwenzetu." Mwanamke mmoja mhifadhiwa kutoka Ludewa, ambaye naye alifiwa na mwana akiwa mwenyewe amekwisha kufa, alikuja na kukaa kimya naye siku nzima. Bi. Kolastika aliwapokea sakafuni kwenye jiko lake, akasimulia jinsi Aidani alivyozaliwa akiwa ametanguliza miguu. Aidani mwenyewe alikaa kando yake. Watu waliona ajabu mwanzoni, marehemu kukaa na waombolezaji wake, kisha wakazoea. Alimshika mama mkono kila usimulizi ulipofika mahali pagumu.

Asubuhi Wende hakuulizwa tena mama amekufa lini. Mama alizinduka akijua, akasema, "Leo nimeamka na uzito uleule," na Wende alishangaa kuona kwamba kulikuwa na nafuu katika maneno hayo. Kadiri wiki zilivyopita, uzito huo ukaanza kubadilika. Alicheka siku moja. Akamkaripia Aidani kwa kuendesha lori kwenye mvua, kama mama yeyote.

Na alikuwa akipungua. Jina la mumewe ndilo lililotangulia. Kisha ubeti wa pili wa wimbo alioupenda, kisha masista wa shule, na Agripina akaenda uani kulia alipoona dada yake anacheka kwa adabu tu, bila kukumbuka kinachochekesha. Aidani alimkumbusha alichoweza. Lakini kila alichokumbushwa kilikuwa kitu kipya cha kuandikwa, na kila kilichoandikwa kilifuta kingine, hadi Aidani akaacha kumkumbusha na kubaki akimshika mkono tu.

Mara mbili Wende alishika kompyuta akitaka kurudisha muhuri, aokoe kilichobaki. Mara zote mbili alimuuliza mama kwanza.

"Nikifunga, utabaki hapo ulipo. Hutapungua tena."

"Na Aidani nitamjua?"

"Utamjua, ila yatakayokuja baada ya leo hutayakumbuka."

"Basi acha," mama alisema. Mara ya pili alisema kitu kilekile, ingawa ilimchukua muda kuyapata maneno.

Mashine ilikwama siku ya Jumatano, mvua za msimu zilipoanza. Lakini mazungumzo yao ya mwisho yalikuwa siku moja kabla, mchana. Wende alikuwa ametoka kazini, kawasha skrini, kaketi kwenye kochi bado na koti la mvua. Mama alikuwa sakafuni kwenye jiko lake, kilemba kiunoni. Aidani alikuwa kando yake. Mama alimtazama Wende kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia uani wakati wa matanga.

"Karibu, binti," alisema. "Umekuja msibani?"

Wende alimtazama Aidani. Aidani aliinamisha uso.

"Ndiyo, mama. Nimekuja msibani."

"Asante sana. Nimefiwa na mwanangu wa kiume. Huyu kijana ananisaidia, ni mwema sana." Alimpapasa Aidani mkono. Halafu akamtazama Wende vizuri zaidi, akainamisha kichwa upande mmoja. "Lakini na wewe macho yako yamevimba. Umefiwa na nani?"

"Na mama yangu," Wende alisema.

"Ooh! Pole, mwanangu. Pole sana. Na umekuja kulia na mimi wakati una msiba wako." Bi. Kolastika alisogea kidogo, akapapasa sakafu pembeni yake. "Usikae huko juu peke yako. Njoo hapa chini, tulie wote."

Wende akavua koti, akashuka kwenye kochi, akakaa sakafuni.